Koleo Lililofichwa Chini ya Sakafu: Historia ya Chombo cha Uzazi na Familia ya Wakimbizi



Kila inapofika tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, hatukosi kusikia jina la Einstein. Hutajwa kwenye hotuba ili walimwengu wakumbuke kwamba mkimbizi naye ana akili na ujuzi wa kuwafaa wengine. Ni jambo jema. Lakini Einstein ni mmoja, na elimu yake ya fizikia iko mbali na mambo yanayotukuta kila siku hapa kambini. Katika toleo hili la kumbukumbu, Kamati imeona vema kuwaletea habari za wakimbizi wengine, ambao chombo walichokiunda kinahusu jambo tunalolijua sote: mama kujifungua.

Chombo hicho ni koleo la uzazi. Makoleo ya kwanza kabisa yangalipo hadi leo, yamehifadhiwa London katika mkusanyiko wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Uzazi na Magonjwa ya Wanawake. Atakayeyaona ataona vyuma vikuukuu tu, vyenye umbo la vijiko vikubwa. Lakini vyuma hivyo vina historia ndefu ya kukimbia nchi, ya kutafuta riziki ugenini, ya kuokoa watoto, na pia ya siri iliyogharimu maisha ya watu. Tunawaomba muisome habari hii hadi mwisho, kwa maana tunaamini inatuhusu.

Familia iliyovuka bahari

Katika karne ya 16 nchi ya Ufaransa iliingia katika vita vya dini. Wakatoliki na Waprotestanti walipigana kwa miaka mingi, na Waprotestanti, waliojulikana kwa jina la Huguenot, waliteswa na wengi wakalazimika kukimbia. Mmoja wao alikuwa William Chamberlen. Mwaka 1569 aliondoka na mke wake na watoto, wakavuka bahari, wakafika Southampton, bandari iliyoko kusini mwa Uingereza.

Wanawe wawili wote waliitwa Peter, nao historia inawatofautisha kwa kuwaita Peter Mkubwa na Peter Mdogo. Mkubwa alikuwa amezaliwa kabla ya safari, mdogo alizaliwa ukimbizini mwaka 1572. Wote wawili wakawa wapasuaji. Enzi hizo kazi ya upasuaji haikuhesabiwa kuwa udaktari. Wapasuaji wa London walikuwa katika chama kimoja na vinyozi, na kazi yao ilikuwa kung'oa meno, kupasua majipu, kukata viungo vilivyooza, na kuitwa pale mkunga aliposhindwa. Madaktari waliosoma chuo kikuu walikuwa na chuo chao wenyewe, na hawakupenda kuona mpasuaji akitoa dawa.

Peter Mkubwa alilijua jambo hilo kwa uchungu. Mwaka 1612 Chuo cha Madaktari cha London kilimshitaki kwa kutibu bila kibali chao, akafungwa katika gereza la Newgate. Alitolewa baada ya wakubwa kumwombea, akiwamo Malkia Anne, mke wa Mfalme James wa Kwanza, ambaye Peter alikuwa akimhudumia katika uzazi. Tazameni hali hiyo ndugu wasomaji: mtu yule yule anaaminiwa na malkia, lakini anafungwa kwa kukosa karatasi. Miongoni mwetu wapo wauguzi, waalimu na mafundi wanaoifahamu hali hiyo bila kuhitaji maelezo zaidi.

Chombo chenyewe

Ili tuelewe thamani ya koleo, inafaa tukumbuke hali ilivyokuwa kabla yake. Mtoto aliponasa njiani na uchungu ukaendelea siku mbili au tatu, mpasuaji aliitwa, na wote waliokuwa nyumbani walijua maana ya kuja kwake. Alikuja na kulabu. Kazi ya kulabu ilikuwa kumtoa mtoto vipande vipande ili mama apone, na mara nyingi mama naye hakupona. Kumpasua mama tumbo akiwa hai kulikuwa karibu sawa na kumhukumu kifo.

Yapata mwaka 1600 akina Chamberlen, na wanahistoria wengi humtaja Peter Mkubwa, walipata njia nyingine. Walitengeneza vijiko viwili vya chuma vilivyopinda kufuata umbo la kichwa cha mtoto, vikiwa na tundu kubwa katikati ili visimbane kupita kiasi. Watu walikuwa wamekwisha kujua kubana kitu kwa koleo tangu kale. Werevu wao ulikuwa katika jambo moja: walivitenganisha vijiko hivyo. Kimoja kiliingizwa peke yake upande mmoja wa kichwa, cha pili kikaingizwa peke yake upande wa pili, kisha mikono yake ikaunganishwa nje kwa msumari au kwa kamba. Hapo ndipo kichwa cha mtoto kiliweza kushikwa bila kutobolewa na kuvutwa kwa uangalifu pamoja na uchungu wa mama. Kwa mara ya kwanza, mpasuaji aliweza kuingia katika nyumba ya mzazi na kutoka akiacha watu wawili walio hai.

Siri ya ukoo

Baada ya kupata chombo kama hicho mtu angetegemea kwamba kingetangazwa kila mahali. Haikuwa hivyo. Akina Chamberlen walikificha. Inasimuliwa kwamba walipoitwa kwa mzazi walifika na sanduku kubwa lililonakshiwa kwa dhahabu, likibebwa na watu wawili, ili watu wadhani ndani yake mna mtambo mkubwa. Ndugu na majirani walitolewa chumbani na mlango ukafungwa. Mama mwenyewe alifungwa kitambaa machoni asione kinachomwingia mwilini. Waliokuwa nje walisikia vishindo na milio ya chuma, basi.

Ujuzi huo ulirithishwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana, na siri ikadumu zaidi ya miaka 100.

Sisi katika Kamati tulipoijadili habari hii tuligawanyika. Wako waliosema hawa walikuwa wachoyo tu. Wengine wakasema, mkimbizi hana shamba wala nyumba ya urithi, ujuzi wake ndio shamba lake. Akiutoa bure kwa wenyeji ambao tayari wamemfunga gerezani, watoto wake watakula nini? Hoja hiyo ina uzito. Mtu aliyekimbia mara moja huishi akijiuliza kama atakimbia tena, naye hujiwekea akiba ya kitu asichoweza kunyang'anywa. Hatuwezi kuihukumu familia hiyo kana kwamba sisi hatujui hofu hiyo.

Hata hivyo lazima tuitazame na bei iliyolipwa, na nani aliyeilipa.

Wakunga wa London wakataa

Waliokuwa karibu na wazazi usiku na mchana hawakuwa wapasuaji bali wakunga. Hao ndio waliozalisha karibu kila mtoto wa London, tajiri na maskini. Akina Chamberlen walijua hilo, na mwaka 1616 wale ndugu wawili walitaka wakunga wawe na chama chao chenye kufundishwa na kusimamiwa. Ombi lao halikukubaliwa. Mwaka 1634 alijitokeza Peter wa tatu, mwana wa Peter Mdogo, ambaye sasa alikuwa na shahada ya udaktari kutoka Padua nchini Italia na uanachama wa kile kile Chuo cha Madaktari kilichomfunga baba yake mkubwa. Naye alitaka wakunga wa London wawe chini ya mafundisho na uangalizi wake.

Wakunga walikataa. Wakiongozwa na Hester Shaw na mwenzake Bi Whipp, walipeleka malalamiko kwa wakubwa wa Kanisa, ambao ndio waliotoa vibali vya ukunga wakati huo. Walisema kwamba ukunga haujulikani kwa kusoma vitabu peke yake bali kwa mazoezi ya muda mrefu, na kwamba daktari huyo huitwa pale mambo yanapoharibika tu, naye hutumia vyuma na nguvu. Daktari alishindwa katika shauri hilo.

Kuna jambo la kusikitisha kwa pande zote mbili. Mpango wa kuwafundisha wakunga haukuwa mbaya. Nao wakunga hawakuwa wajinga, walidai kitu cha haki kabisa, yaani kuheshimiwa kwa uzoefu wao. Lakini mtu anayesema "njooni niwafundishe" huku sanduku lake limefungwa kwa kufuli hawezi kuaminiwa. Aliwataka wawe chini yake. Hakuwa tayari kuwaonyesha alichokuwa nacho.

Mwanamke wa Paris

Mtoto wa Peter wa tatu aliitwa Hugh. Mwaka 1670 Hugh alisafiri hadi Paris, katika nchi ile ile ambayo babu wa baba yake aliikimbia, akitaka kuuza siri kwa fedha nyingi. Alikutana na François Mauriceau, bingwa wa uzazi aliyesifika kuliko wote Ufaransa. Hugh alijigamba kwamba angeweza kumzalisha mwanamke yeyote, hata mwenye shida kubwa, kwa dakika chache tu.

Mauriceau akampa mtihani. Alikuwapo mwanamke mfupi sana, ambaye nyonga zake zilikuwa zimepinda kwa ugonjwa wa mifupa, na ambaye alikuwa katika uchungu kwa siku kadhaa. Mauriceau mwenyewe alikuwa ameona hakuna njia ya mtoto kupita. Hugh alijifungia naye chumbani, akafanya kazi kwa zaidi ya saa tatu, akashindwa. Mwanamke huyo alifariki. Mwili wake ulipochunguzwa, tumbo la uzazi lilionekana limechanika. Biashara ya siri ikavunjika, na Hugh akarudi Uingereza akiwa na kitabu cha Mauriceau, ambacho alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1672. Katika dibaji ya tafsiri hiyo aliwaambia wasomaji waziwazi kwamba familia yake inayo njia ya kumtoa mtoto bila kulabu, na akaomba radhi kwamba hawezi kuitangaza kwa kuwa baba yake na ndugu zake wanaishi kwa kazi hiyo.

Jina la mwanamke yule halitajwi katika historia inayosimuliwa. Yeye alikuwa kipimo cha bei. Tunamkumbuka hapa kwa sababu tunaona kwamba kifo chake kinafundisha kuliko mafanikio mengi ya ukoo huo. Koleo halifai kwa kila mzazi. Nyonga zikiwa finyu mno, koleo huwa hatari tupu. Lakini mipaka ya chombo hujulikana pale wengi wanapokitumia, wakaeleza mafanikio na pia kushindwa kwao, wakasahihishana. Chombo kinachotumiwa gizani hakipati wa kukisahihisha.

Siri yafichuka

Hugh alikuwa na mwana aliyeitwa pia Hugh. Huyu alifariki mwaka 1728 bila kuacha mtoto wa kiume wa kurithi kazi, na katika miaka hiyo siri ilianza kuvuja. Tayari katika miaka ya 1720 mpasuaji Jean Palfyn wa mji wa Ghent alikuwa amewaonyesha wataalamu wa Paris vijiko vya chuma alivyovibuni mwenyewe. Mwaka 1733 Edmund Chapman, mpasuaji wa kijijini katika jimbo la Essex, aliandika kitabu kilichozungumzia koleo bila kuficha, na mwaka 1734 zikachapishwa kumbukumbu za William Giffard pamoja na mchoro wa chombo chake.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1747 André Levret wa Paris alionyesha koleo lililopindwa mara ya pili ili lifuate njia ya uzazi, jambo ambalo akina Chamberlen hawakuwa wameligundua kwa vizazi vinne. Mjini London, Mskoti William Smellie alifungua darasa. Alitengeneza umbo la mwili wa mwanamke kwa mifupa halisi na ngozi ili wanafunzi wafanye mazoezi kabla ya kumgusa mzazi. Katika muda wa miaka 10 alifundisha wanaume zaidi ya 900, bila kuhesabu wanafunzi wake wanawake. Mwaka 1752 alitoa kitabu kilichoeleza hatua kwa hatua ni lini koleo litumike na ni lini lisitumike.

Linganisheni, ndugu wasomaji. Katika mikono iliyoficha, chombo kilikaa zaidi ya miaka 100 karibu bila mabadiliko. Kilipotoka hadharani, miaka 20 ilitosha kukiboresha, kukiwekea kanuni na kukifundisha kwa mamia ya watu.

Na yale makoleo ya kwanza? Peter wa tatu alikuwa amenunua nyumba kubwa katika kijiji cha Woodham Mortimer, huko huko Essex, naye alifia hapo mwaka 1683. Mwaka 1813, miaka 130 baadaye, watu waliokuwa wakiishi humo waligundua mlango mdogo katika sakafu ya dari. Chini yake walikuta sanduku. Ndani mlikuwamo sarafu, glavu za kike, Agano Jipya dogo, barua, jino lililofungwa kwenye karatasi, na makoleo ya uzazi pamoja na vyuma vingine vya kazi hiyo. Mwaka 1818 vyombo hivyo vilikabidhiwa kwa chama cha madaktari na wapasuaji wa London, na ndivyo vilivyohifadhiwa leo. Kwa hiyo chombo kilichofichwa ili kuilisha familia kilifukuliwa baada ya kila daktari kuwa na chake. Siri ilikuwa imekwisha thamani muda mrefu, nayo bado imelala chini ya mbao.

Pembe ya mkunga

Katika majumba ya makumbusho ya tiba kipo chombo kingine ambacho wasomaji wetu wanakijua vizuri, kwa sababu hapa kwetu hakijawa cha makumbusho. Ni ile pembe ndogo ya mbao au ya aluminiamu ambayo mkunga huiweka juu ya tumbo la mama na kutega sikio kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto.

Asili yake ni Paris, mwaka 1816, katika hospitali ya Necker. Daktari René Laennec alitaka kusikiliza moyo wa mgonjwa wa kike, na hakuona heshima kuweka sikio kifuani pake. Akakunja karatasi kama bomba, akasikiliza kupitia humo, akashangaa kusikia vizuri kuliko kawaida. Baadaye alichonga bomba la mbao kwa mkono wake. Mwaka 1819 alichapisha kitabu kikubwa kilichoeleza kila kitu: chombo, namna ya kukitengeneza, na sauti zote alizozisikia. Seremala yeyote aliweza kukichonga.

Matokeo yake? Mwaka 1821, miaka miwili tu baada ya kitabu hicho, daktari mwingine wa Kifaransa, Kergaradec, aliweka bomba hilo juu ya tumbo la mama mjamzito na kueleza mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Mwaka 1895 Adolphe Pinard akatoa pembe yenye umbo tunalolifahamu. Laennec hakuwa amefikiria watoto walio tumboni. Lakini kwa kuwa alitoa alichokuwa nacho, mwenzake aliweza kukipeleka mahali ambapo yeye hakufika. Na ndiyo maana leo, hata pale umeme unapokatika na mashine kuzimika, mkunga katika zahanati ya kambi anaweza kujua kama moyo wa mtoto unapiga vema tumboni au amechoka.

Na huku kwetu Maziwa Makuu?

Pengine msomaji atauliza: je, vyombo vyote ni vya Wazungu? Mababu zetu hawakuwa na kitu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko Bunyoro, ng'ambo ya Ziwa Albert kwa anayetoka upande wa Kongo.

Mwaka 1879 Robert Felkin, mmisionari kijana aliyesomea udaktari Edinburgh, alikuwa mahali paitwapo Kahura. Hapo alishuhudia mganga wa Kinyoro akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama huyo, ambaye hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza, alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalewa nusu, akalazwa kwenye kitanda na kufungwa kwa vitambaa vya gome la mti. Mganga aliosha mikono yake na tumbo la mama, kwanza kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Akapasua kwa kisu mara moja katikati, chini ya kitovu. Msaidizi aligusa mishipa iliyovuja damu kwa chuma cha moto. Mtoto alitolewa, kondo likatolewa, na mganga akaliminya tumbo la uzazi mpaka likakaza. Kidonda kilifungwa kwa vyuma vyembamba 7 vilivyong'arishwa, vikakazwa kwa uzi wa gome la mti, kisha kikapakwa dawa ya mizizi na kufunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto. Vyuma vilianza kuondolewa siku ya tatu, na siku ya sita vyote vilikuwa vimetoka. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Mama na mtoto wote walikuwa hai.

Tukumbuke kwamba huko Ulaya miaka hiyo upasuaji wa namna hiyo uliua wazazi wengi. Huko Vienna, daktari Semmelweis alipowaagiza wanafunzi wake mwaka 1847 wanawe mikono kwa maji yenye klorini, vifo vya wazazi vilipungua sana, na bado wakubwa wengi walimpuuza hadi akafa mwaka 1865. Na huku Bunyoro mganga alikuwa akinawa kwa pombe kabla ya kushika kisu. Felkin aliona wazi kwamba hakuwa akibahatisha. Mtu hawezi kufanya kazi kwa utulivu na mpangilio kama ule asipokuwa amefundishwa na waliomtangulia.

Felkin alichora kile kisu, na mwaka 1884 akachapisha aliyoyaona katika jarida la madaktari la Edinburgh. Kwa hiyo tunalijua jina la Felkin. Jina la mganga halikuandikwa, wala la mama. Hatusemi kwamba mganga alificha kama akina Chamberlen, kwani umati ulikuwapo nje ya nyumba na mgeni aliruhusiwa kutazama. Lakini ujuzi wake ulikaa katika mikono na vichwa vya watu wachache, bila kuandikwa na wenyewe. Magonjwa na vita vilivyoikumba Bunyoro mwishoni mwa karne ile viliwaondoa watu wengi, na ujuzi uliokaa kichwani huzikwa pamoja na mwenyewe. Tulilo nalo leo ni kurasa chache za mgeni aliyekuwa akipita njia.

Tunajifunza nini?

Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Kwa kawaida tunamwambia mgonjwa methali hiyo, ili asione haya kueleza tatizo lake. Historia ya koleo inatuonyesha kwamba inamhusu na mganga pia. Akina Chamberlen walificha, na wazazi wengi katika mitaa ya pili na miji ya jirani walikufa kwa kulabu wakati dawa yao imo sandukuni. Kwa sababu hiyo Kamati inapenda kutoa maombi matatu.

Kwa wale wenye ujuzi miongoni mwetu: wakunga mliosomea nyumbani na ambao vyeti vyenu vilibaki njiani, wakunga wa jadi mliozalisha vizazi viwili, mafundi, waalimu. Tunajua mnaogopa kwamba mkifundisha vijana nafasi zenu zitachukuliwa. Hofu hiyo tumekwisha kusema kwamba si ya kuchekwa. Lakini kambi hii ni mahali pa kuja na kuondoka. Wengine wamerudi nyumbani, wengine wamehamishiwa nchi za mbali, wengine tumewazika hapa hapa. Andikeni, au mwiteni kijana anayejua kuandika awaandikie. Na majina yenu yaandikwe pia, yasipotee kama la mganga wa Kahura.

Kwa watumishi wa afya na wa mashirika: tunawashukuru kwa kazi yenu, ambayo mara nyingi hufanyika usiku na kwa vifaa vichache. Tunaomba mambo mawili tu. La kwanza, mama asifungwe kitambaa machoni. Siku hizi hakuna anayefunga macho kwa nguo, lakini mama asiyeelezwa chuma hiki ni cha nini, au kwa nini anapelekwa kupasuliwa, amefungwa macho vile vile, naye akirudi nyumbani atawatisha wenzake kumi. Mwelezeni kwa lugha anayoielewa. La pili, mkataba wenu unapokwisha, msiondoke na ujuzi wote. Kifaa kilichobaki kabatini bila mtu anayejua kukitumia hakina tofauti na sanduku la Woodham Mortimer. Mwacheni mwenyeji wa kambi aliyefundishwa, na maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiswahili.

Kwa akina mama na waume zao: msikawie. Koleo, mashine ya kuvuta mtoto, kisu cha upasuaji, vyote hivyo vina wakati wake, na wakati ukipita hata bingwa hushindwa, kama alivyoshindwa Hugh Chamberlen mjini Paris. Damu nyingi, degedege, homa kali, au uchungu uliopita saa 12 si mambo ya kusubiri mapambazuko wala ya kufanyiwa kikao cha ukoo. Na vyombo hivyo si vya kutumiwa nyumbani na mtu yeyote. Vinahitaji mikono iliyofundishwa.

Familia ya Chamberlen ilifika ugenini na kuupa ulimwengu chombo kinachookoa watoto hadi leo. Hilo ni la kujivunia kwa kila mkimbizi. Lakini ulimwengu haukukipata kutoka mikononi mwao kwa hiari. Ulikipata wakati wa kukificha ulipokwisha, na wazazi wa zaidi ya miaka 100 hawakuwahi kukiona. Sisi tuna nafasi ya kufanya vizuri zaidi kuliko wao, na kuanza hakuhitaji fedha za mfadhili. Kunahitaji daftari, kalamu, na moyo wa kumwonyesha mwenzako.

Tunawatakia wote maadhimisho mema, na wajawazito wetu wote tunawatakia kujifungua salama.

Kamati ya Jumuiya ya Kambi